Madume ya Shamba la Sultani

Hapo zamani, katika nchi ya Zarbani, nchi ya mawe na baridi kali, alikuwapo Sultani Shahamati, mwenye shamba kubwa la mipista, ile miti izaayo kokwa za kijani zenye gamba gumu. Miti hiyo huchukua miaka saba au zaidi kabla ya kuzaa, na Sultani hakuwa mtu wa kungoja hata chai ipoe.

Basi mavuno ya kwanza yalipowadia, alikwenda shambani pamoja na Waziri wake, Nadhimu. Akaona katika kila safu mti mmoja mkubwa, mbichi, usio na kokwa hata moja.

"Miti hii ina nini?" akauliza.

"Ni madume, Bwana wetu," wakajibu wakulima. "Yenyewe hayazai, lakini upepo huchukua unga wa maua yake—"

"Hayazai, na bado yanakunywa maji!" Waziri akawakatiza. "Bwana wangu, huu ni wizi wa mchana."

Siku ile ile mpiga mbiu akapita mjini akinadi: "Kila dume lililomo katika milki ya Sultani, linalokunywa maji yake bila kuzaa, litiwe alama ya chokaa, kisha likatwe! Na mwakani wakulima walete kokwa maradufu, ama wafukuzwe nchini wao na watoto wao!"

Wakulima wakashika vichwa, maana walijua kwamba madume yakikatwa, majike yatatoa maganda matupu. Miongoni mwao alikuwamo Farjala, maskini wa kanzu moja, ambaye siku ya kuifua alishinda amejifunika mkeka. Watu walimwita punguani.

"Amri ya Sultani lazima itimizwe," akasema Farjala. "Nipeni kopo la chokaa na shoka."

Akaenda moja kwa moja hadi barazani, walinzi wakampisha kwa kumdhania fundi. Akamkuta Sultani anakunywa maji ya waridi, Waziri kando yake. Akapiga magoti, akabusu zulia, kisha akachovya vidole katika kopo na kumchora Sultani mstari mweupe juu ya joho la hariri, kutoka bega hadi kiuno.

Askari wakachomoa panga.

"Ewe mwendawazimu!" Sultani akanguruma. "Wafanya nini?"

"Natimiza amri yako, Maulana. Niambie, una watoto wangapi?"

"Tisa!"

"Na katika hao, umemzaa yupi wewe mwenyewe?"

"Huna haya? Wote amewazaa Malkia!"

"Basi, Bwana wangu, wewe ni dume, umo katika milki ya Sultani, hujazaa hata mmoja, na hiyo ni gilasi ya pili tangu niingie. Nikaona si adabu kuanza na wadogo. Tafadhali simama wima kidogo, nione nikukate wapi."

Farjala hakulitua shoka. Mara nyuma ya pazia kikasikika kicheko cha Malkia.

"Mwambieni akate taratibu," akasema. "Nimekwisha kumzoea huyo."

Sultani akataka kukasirika, akashindwa. Akafuta midomo, akasema, "Lakini, ewe mjinga, bila mimi Malkia angezaaje?"

"Hilo, Bwana wangu, ndilo wakulima walilokuwa wakikwambia, Waziri akawakatiza."

Hapo Sultani akacheka hata kilemba kikamwanguka. Akaifuta amri yote, ya miti na ya wakulima, akamfanya Farjala msimamizi wa shamba. "Na zaidi ya hayo," akasema, "omba utakalo."

Farjala akamtazama Waziri, aliyekuwa akirudi nyuma polepole kuelekea mlangoni.

"Maulana, madume yale yametishwa bure. Yanataka mtu wa kuyabembeleza."

Ikawa kiangazi kile kizima Waziri Nadhimu alibeba viriba vya maji, mti hadi mti, jasho likimtiririka ndevuni, na Farjala akimfuata kwa heshima kubwa, mikono nyuma.

"Huyu bado ana kiu, Bwana Waziri," alikuwa akimwambia. "Mwongeze."