Mapafu ya Sikukuu

Nisikilizeni, na wewe uliyeshika simu, iweke chini. Kulikuwa na mama mmoja, fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule. Alishikwa na ule ugonjwa wa virusi uliotufungia milango. Homa ikaisha, mapafu yakagoma. Yalikakamaa kama ngozi ya ngoma. Miezi minane yuko wodini, mpira wa oksijeni puani, hata kuvaa kandambili ni mpaka apumzike katikati. Madaktari wakasema dawa zimegonga mwamba. Limebaki moja tu, kumpandikiza mapafu ya mtu aliyefariki.

Desemba ilipoingia, muuguzi akamnong'oneza mume wa mgonjwa: "Mzee, usikate tamaa. Sikukuu hizi ajali hazikosi. Tutapata."

Jamani, yule baba alifurahi! Akawaita wenzake wa kikundi cha maombi, wakazunguka kitanda, wakanguruma: "Bwana, Krismasi hii isipite! Lete mapafu!"

Mama akainua mkono. Akasema kwa vipande, kila neno na pumzi yake: "Mnamwombea... nani... afe?"

Walitazamana. Kiongozi wao akajikohoza. "Mama, sisi tunaomba uzima wako tu."

"Nautaka. Naogopa kufa, naogopa sana," akasema, machozi yanamtoka. "Lakini huyo mtu... yuko njiani... anarudi kwao. Mwombeeni afike. Asipofika... ndipo mniombee mimi."

Wakaomba hivyo, shingo upande. Mume hakuitikia amina.

Basi, sikukuu ile watu walifika. Mabasi yalifika, pikipiki zilifika, hata walevi walifika. Tarehe ishirini na saba mama yule akafa, mapafu hayajapatikana.

Msinikimbilie na haleluya. Sisemi Mungu alimtoa huyu ili wale wapone. Hayo siyajui, na anayejidai anayajua anawadanganya. Mimi nauliza hivi: wale walioshuka salama wakala pilau na watoto wao, walijua kuna mtu aliwaombea kwa pumzi asiyokuwa nayo? Na sisi je? Tunaililia kazi ambayo ina mtu tayari. Tunafunga siku tatu ili tushinde kesi ya shamba, na ndugu yetu alale nje. Tunapiga magoti, tunatoa jasho, wala hatuulizi nani ataumia tukijibiwa.

Leo, kabla hujafumba macho, mtaje huyo atakayeumia kwa jina lake. Kama ulimi unakataa kumtaja, basi ombi hilo liache.