Joho la Dhakwani

Inasimuliwa kwamba katika mji wa Kufa aliishi mja mmoja mcha Mungu, Dhakwani bin Rafii, fundi wa matandiko ya farasi. Alikuwa amemwahidi jirani yake mjane, Bi Rumaitha, kumkarabatia paa kabla ya mvua, na fedha za kazi hiyo alikwisha kuziweka kando.

Siku moja akipita sokoni aliona joho la Yemeni, buluu iliyoiva, lenye tarizi shingoni. Moyo ukamruka. "Nyumba ya Mwenyezi Mungu haiendewi na matambara," akajisemea, akapita. Hatua chache mbele akakumbuka baridi ya alfajiri, na kwamba mgonjwa hawezi ibada. Akageuka. Alipofika mlangoni pa duka alikuwa na yakini kwamba kulinunua ni wajibu. Na paa? Mbona mawingu yenyewe hayajaonekana!

Nyumbani, mkewe Lubaba alizisikiliza hoja zote kwa utulivu.

"Mashaallah, mume wangu. Maadamu umelinunua kwa ajili ya msikiti, mpe muadhini. Yeye hututangulia sote kufika, na lake limechakaa."

Mikono ya Dhakwani ilikuwa imeshalikumbatia joho kifuani, kama mtu anayeogopa kuporwa. Lubaba akaitazama ile mikono, naye akaitazama, wote wawili wakaangua kicheko.

"Astaghfirullah," akasema akijifuta machozi. "Nililitamani tu, Lubaba. Hayo mengine niliyaokota njiani."

Akalirudisha dukani.

"Lina kasoro gani?" muuzaji aliuliza kwa ukali.

Uongo mdogo ulimjia ulimini, kuhusu mshono. Akaumeza.

"Joho halina kasoro, bwana. Kasoro ninayo mimi. Nimelinunua kwa fedha nilizomwahidi mjane, kisha nikajidanganya kwamba nafanya ibada."

Muuzaji alimkodolea macho, halafu akacheka hadi kilemba kikamlegea. "Miaka ishirini narudishiwa nguo, na siku zote mwenye kosa ni nguo!" Akamrejeshea fedha zake zote, na kesho yake akapanda mwenyewe juu ya paa la Bi Rumaitha kusaidia kukandika udongo.

Mvua ilinyesha Ijumaa. Bi Rumaitha alilala pakavu.

Ndugu zangu, kupenda kizuri si dhambi. Lakini nafsi ikitamani kununua hugeuka mwanachuoni, ikatoa fatwa juu ya fatwa. Tuiulize kwa upole inataka nini hasa, wala tusione haya kulisikia jibu.