Bakuli Lililorudi Kutoka Kituoni

Leo nimewaletea mama mmoja, mkae naye kidogo. Aliishi kijiji cha wakulima wa mihogo, na watu walimwita Mama Ngusa. Shambani kwake ndiko walikopelekwa wageni. Majani mapana, mashina yamenyooka, ukipita njiani lazima ugeuze shingo. Msimu wa kupanda ukikaribia, wenzake walikwenda kwake kuomba mbegu, maana mbegu ya muhogo si punje, ni kijiti: unakata shina kwa mwenzako, unakwenda kulichomeka kwako. Naye hakuwa mchoyo. Alikata, akafunga mizigo kwa kamba za mgomba, akawatwisha. "Mkono wako una baraka, Mama Ngusa," walimwambia. Nani kati yetu hapendi kuambiwa hivyo?

Ila kule kwa majirani mambo hayakuwa mazuri. Wao waliiacha mihogo ikomae sana, wapate makopa, ile mihogo mikavu, ya kuweka ghalani. Wakija kuchimba, mizizi imeoza ndani, kahawia kama tumbaku. Kwa Mama Ngusa haikuwa hivyo. Yeye alichimba mapema, mihogo ikiwa bado laini, akachemsha na kuuza barabarani. Hakuna mzizi wake uliozeekea udongoni. Basi majirani wakasema ardhi yao imechoka. Wengine wakasema ni kijicho cha watu. Na wote, ndugu zangu, wakarudi kwa Mama Ngusa: tupe mbegu nyingine, yetu imeharibika.

Watu wa kituo cha utafiti walikuwa wakifika. Gari jeupe, mabuti, mifuko ya karatasi. Wanachuma majani, wanauliza shamba lina umri gani, wanaaga. Msimu mmoja akaja bwana mmoja mpole, akachimba mizizi kwa Mama Ngusa, akakata na mashina, hata mifuko ikamwishia. Akaomba chombo. Mama akampa bakuli lake la bati, lile lenye maua mekundu.

"Baba, hili aliniachia mama mkwe wangu," akamwambia. "Na kwetu hapa bakuli la mtu halirudishwi tupu. Ukimaliza muhogo wangu huko, nitilie hata chumvi."

Yule bwana akacheka. "Nitakuletea majibu, mama."

"Majibu yanaliwa kwa mboga gani?"

Akaondoka. Mvua zikaja, zikakata, zikaja tena. Bakuli kimya. Kila Mama Ngusa alipopakua mboga kwenye kisahani kisichotosha, alimsikia marehemu mkwe wake akimuuliza kichwani: umempa nani bakuli langu? Maana mkwe yule, hata siku nyumba haina kitu, hakurudisha chombo cha mtu bila kutia angalau jani la mchicha.

Ukafika tena msimu wa kupanda. Asubuhi jirani yake wa ng'ambo ya korongo alikuja, akachukua mzigo wake wa vijiti, akashukuru mpaka akapiga magoti. Wengine walikuwa waje kesho yake. Na siku hiyohiyo, jua halijapanda sana, gari jeupe likasimama mlangoni. Akashuka yule bwana, bakuli mkononi, limefunikwa kitambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nilidhani bakuli langu limeshaolewa huko."

Akakaa kwenye kigoda, lakini hakucheka safari hii. "Mama, majibu tuliyapata muda mrefu. Tuliyasoma kwenye mkutano mkubwa mjini. Karatasi ikabandikwa ofisi ya kata."

"Ofisi ya kata mimi nilikwenda mbuzi wangu alipokamatwa. Sikwenda kusoma ukuta."

"Najua, mama. Jana nilikuwa napanga vyombo kabatini, nikaliona hili bakuli. Nikalitia chumvi, nikampa dereva alirudishe. Dereva akawasha gari. Nikasimama pale, nikaona haya. Ulinipa muhogo, na nilichokijua kuhusu muhogo wako hakikuwa chumvi. Nikamwambia nisubiri, nakwenda mwenyewe."

Akafunua kitambaa. Chumvi ilikuwemo, kwenye karatasi pembeni. Katikati palikuwa na mzizi uliopasuliwa, na chini yake vijiti vifupi vya mihogo, vibichi, safi.

"Huu mzizi umetoka kwenye shina lako. Tulilipanda kituoni, tukauacha ukomae."

Mama Ngusa akauangalia. Kahawia. Kahawia ileile ya kwa majirani.

"Ugonjwa unakaa ndani ya kijiti," yule bwana akasema. "Jani linabaki zuri, huwezi kuujua. Hakuna dawa, mama. Ni kung'oa na kuanza na mbegu safi kama hii."

"Kwa hiyo ile niliyokuwa nawapa," Mama Ngusa akasema, lakini hakumaliza.

"Hukujua. Hata sisi hatukujua mpaka tulipochimba wa kwako. Wiki ijayo nitaitisha mkutano niwaeleze watu wote. Sitataja shamba la mtu."

Hapo, wapendwa, mwacheni yule bwana. Mtazameni mama. Vijiti safi anavyo. Jina lake zuri bado analo, na ameambiwa halitaguswa. Angengoja tu hiyo wiki, nani angemlaumu? Lakini ng'ambo ya korongo alisikia jembe likipiga. Mwenzake alikuwa anapanda.

Akanyanyua bakuli, akamwacha mgeni kwenye kigoda, akavuka korongo.

"Mwenzangu, acha jembe."

"Niache vipi, na wingu lile unaliona?"

"Acha. Mbegu yangu ni mbovu. Ndiyo iliyokuozesha." Akamwonyesha mzizi.

Jirani akautazama, akaushika, akaugeuza. "Mwaka jana wanangu walikunywa uji wa kuomba," akasema.

"Najua. Uliuomba kwangu. Nikakupa unga, ukanishukuru."

Jirani aliinama, akaanza kung'oa vijiti kwenye matuta, tuta kwa tuta, akivitupa pembeni. Mama Ngusa naye akainama upande wa pili, akang'oa. Walipomaliza, jirani alimpokonya bakuli, akaingia nalo ndani. Mama Ngusa akasimama uani akijiambia, leo nimempoteza mtu, na bakuli la mkwe wangu limekwenda naye.

Jirani akatoka. Vijiti safi alikuwa amevigawa nusu kwa nusu, na pale palipobaki wazi amejaza kunde.

"Shika," akasema. "Halirudi tupu. Na twende wote kwa hao wengine, maana ukienda peke yako watakufukuza kwa mwiko."

Sasa ninyi mlidhani nitawasema watu wa kituo, walivyobandika uhai wa watu ukutani wakaenda zao. Ningeweza. Lakini mimi leo nashukuru. Namshukuru Mungu kwa mtu aliyeona haya mbele ya bakuli lenye chumvi, akaja mwenyewe. Namshukuru kwa mama aliyevuka korongo na aibu yake mkononi. Namshukuru hata zaidi kwa yule mwenye njaa ya mwaka jana, aliyetia kunde. Kijiji kile kilikula kwa sababu ya hao watatu.

Na sisi je? Sisi tuliofundishwa tukapona, tulioombewa tukainuka, tulioonywa na mtu tukaacha njia mbaya. Tunakijua kitu ambacho jirani anakihitaji leo, siyo wiki ijayo. Tumekifanyia nini? Tumekitaja kanisani, kwa sauti nzuri, tukakiacha hapahapa ukutani. Tukikutana naye njiani tunampa chumvi: hujambo, sijambo, Mungu akubariki, tunapita. Naye kule anapanda ugonjwa, anatushukuru kwa magoti.

Ukifika nyumbani leo, kabla hujawasha moto, fungua kabati lako. Angalia ni bakuli la nani liko kwako. Kisha ulijaze, uvuke.