Kuni za Njia Panda

Mtu mmoja alikuwa na watoto watatu, na mlango wa nyumba yake ulitazama mlima. Kila mwaka, mahindi yakishavunwa, aliwachukua watoto wake wakapanda pamoja, wakalala usiku mmoja kwenye hema katika uwanda ulio chini ya kilele, kisha wakashuka. Hawakwenda kutafuta kitu. Walikwenda ili wakae pamoja mahali ambapo hapana kazi.

Uwanda ule hauna miti. Kuna majani mafupi, mawe na upepo. Kwa hiyo kila anayepanda huokota kuni zake akiwa bado msituni, na desturi ya nyumba ile ilikuwa kwamba aliyekuja mikono mitupu haketi karibu na moto. Palikuwa na desturi nyingine. Anayetangulia, akifika njia panda, hukata tawi bichi na kulilaza juu ya njia isiyofaa, ili wa nyuma wajue kwamba imefungwa. Baba yao alisisitiza kwamba tawi liwe bichi, kwa sababu tawi bichi halitamaniwi na mtu.

Namkunda, mtoto wa kwanza, ndiye aliyetangulia, maana miguu yake ilikuwa myepesi. Elinami alimfuata. Nakijwa, kitinda mimba, alikuja nyuma yao, kwa kuwa mguu wake mmoja ulivunjika alipokuwa mdogo na haukuunga vizuri. Lakini hakuwa wa mwisho. Baba alitembea nyuma yake. Watu waliowaona wakipita walisema mzee ameanza kuchoka. Hakuwa amechoka. Alikuwa ameikalia nafasi ile ya mwisho ili mtoto wake asiikalie.

Kisha baba akafa. Mahindi yalipovunwa, watoto wakakubaliana kwamba watapanda kama zamani, ili desturi isizikwe pamoja naye. Elinami akawaalika rafiki zake wawili anaofanya nao kazi mjini. Asubuhi wakagawana mizigo: huyu abebe hema, huyu mchele na majani ya chai, huyu sufuria. Kila kitu kilipata mtu wa kukibeba. Hakuna aliyeuliza nani atatembea nyuma.

Walipofika kwenye kijito, Nakijwa akawaambia watangulie, atapumzisha mguu kidogo. Alizoea kusema hivyo, kwa maana aliogopa kuwa mzigo. Namkunda akamwambia asiwe na wasiwasi, kila njia panda atakuta tawi. Wakaenda, na kwa muda Nakijwa akasikia vicheko vyao juu ya miti, halafu akasikia maji tu.

Namkunda akafika njia panda ya kwanza. Panga lilikuwa kwenye mzigo wa Elinami, na kumngoja Elinami kulimaanisha kwamba asingekuwa wa kwanza kufika, naye kila mwaka alikuwa wa kwanza. Akaokota tawi kavu, akalilaza, akapita. Njia panda ya pili akafanya vivyo hivyo. Ya tatu ndiyo kubwa, ambapo njia moja huenda uwandani na nyingine hupanda hadi ukingo wa upande wa pili wa korongo na kuishia hapo. Pale Namkunda akaburuta tawi kubwa lililopinda kama pembe ya ng'ombe, akalilaza vizuri. Moyo wake ukaridhika. Desturi ilikuwa imetimizwa.

Elinami akaja nyuma na rafiki zake. Walikuwa wakizungumza sana, na mzigo wake wa kuni ulikuwa mdogo. Mmoja wao, aliyeitwa Mrutu, akamtania akisema, "Mwenyeji wetu, hizo ni kuni au vijiti vya kuchokolea meno?" Wakacheka wote, na Elinami akacheka, lakini neno lilimchoma. Mbele kidogo akakuta tawi kavu njiani, akaliokota. Akakuta la pili, akaliokota. Alipoliona lile la tatu akasimama. Tawi lililoanguka hulala ovyo, na hili lilikuwa limelazwa. Akalitazama kwa muda. Halafu akajiambia kwamba alama ya baba ilikuwa tawi bichi, na hili ni kavu. Akajiambia pia kwamba Nakijwa amepanda mlima huu tangu utotoni, hawezi kupotea. Akaliweka begani. Rafiki zake wakamsifu.

Nakijwa alipita njia panda mbili za kwanza kwa kufuata alama za viatu vyao kwenye vumbi. Alipofika ile kubwa, ardhi ilikuwa mawe matupu, na jua lilikuwa limeinama. Ni kweli kwamba alikuwa amepanda mlima ule tangu utotoni. Lakini miaka yote hiyo palikuwa na sauti nyuma yake iliyomwambia, kushoto mama, sasa kulia mama, naye akaenda bila kuitazama njia. Sasa njia zote mbili zilikuwa wazi. Akawaza kwamba kama mojawapo ingekuwa mbaya, ndugu zake wangeifunga. Basi zote mbili lazima zifike. Akageuka akatazama nyuma, kama mtu anayengoja kuambiwa. Kisha akashika ile pana.

Njia pana ilimfikisha ukingoni, ikaisha. Mbele yake palikuwa na korongo, na ng'ambo ya korongo, si mbali kwa macho, akauona moto. Ulikuwa moto mkubwa kuliko yote aliyowahi kuiona pale. Aliwatambua watu wake kwa vivuli vyao, na aliweza kusema yupi amesimama na yupi amechuchumaa kuonja wali. Akaita. Upepo ulikuwa ukitoka kwao kuja kwake, kwa hiyo yeye aliwasikia nao hawakumsikia. Akaita tena hadi sauti ikamkauka. Basi akaketi, akaukumbatia mzigo wake wa kuni, kwa sababu kiberiti kilikuwa ng'ambo, akautazama ule moto. Hakujua kwamba kilichokuwa kikiwaka mle ni njia yake.

Uwandani wakala. Namkunda akauliza mara mbili mbona mdogo wao hajafika, na Elinami akajibu mara mbili kwamba yuko njiani, anajua mwendo wake. Moto ulipopungua, Namkunda akashika ukuni mkubwa uliokuwa ukiwaka ncha moja, ili ausogeze ndani. Mkono wake ukautambua uzito ule kabla macho hayajaona umbo. Lilikuwa tawi lililopinda kama pembe.

Akasema, "Elinami, hizi kuni umeziokota wapi?"

Elinami akalitazama lile tawi, akainuka. Wakashuka wote wawili na tochi, lakini ukungu ulikuwa umeteremka, na pale njia panda mwanga wa tochi uliishia miguuni pao. Wakaita kila upande. Ukungu ukazimeza sauti. Wakarudi juu wakaketi kila mtu kivyake, na moto ukala kuni za mwisho.

Asubuhi ukungu ulipoinuka wakamkuta pale ukingoni. Alikuwa hai. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu na mguu wake haukukunjika, ikabidi Elinami ambebe mgongoni mpaka uwandani. Huko hawakukuta moto. Kuni zote zilikuwa zimeteketea, na kilichobaki cha kuchemshia chai kilikuwa mzigo wa Nakijwa, ambao hakukubali kuuacha. Wakawasha kuni hizo. Wakanywa chai iliyopikwa kwa kuni za yule ambaye hakufika.

Elinami akataka kuomba radhi, akakosa pa kuanzia, akamuuliza tu kama aliogopa. Nakijwa akapasha mikono yake moto kwa kikombe cha chai, akasema, "Niliwaona, kaka. Moto wenu ulikuwa mzuri."

Hakusema neno lingine juu ya usiku ule, si siku ile wala baadaye. Mwaka uliofuata Elinami alisimama mlangoni na panga, akasema atatembea nyuma, na matawi yatakuwa mabichi. Lakini Nakijwa aliendelea kupeta mahindi uani. Akawatakia safari njema.

Na wewe uliyetangulia ukafika, unayeota moto sasa na kusifiwa kwa mzigo wako: kabla hujaziokota kuni hizo, zilikuwa zimelazwa kwa ajili ya nani?