Njia ya Kulizunguka Shamba la Awero

Nianze na kosa langu, Mungu anisamehe. Mwaka ule wa mvua nyingi, mimi na majirani tulikuwa tukilimiana. Mama Nyamizi alinilimia siku mbili nzima. Zamu yake ilipofika, nikajifunga kitambaa kiunoni nikasema mgongo unaniuma. Haukuwa unauma. Kwa hiyo hadithi hii naisimulia polepole, mnivumilie.

Paukwa.

Pakawa yenu leo ni ya watu waliochoka. Naipokea hivyo hivyo.

Zamani, zamani sana, katika nchi ya Wayoruba, huko jua linakozama, palikuwa na mji wa wakulima ulioitwa Okerimi. Watu wake walikula viazi vikuu asubuhi, wakala viazi vikuu jioni, na walipoota ndoto waliota viazi vikuu.

Walikuwa na desturi mbili. Ya kwanza waliiita aro. Watu wanne hushika majembe, leo wakalima kwa huyu, siku nyingine kwa yule, mpaka zamu izunguke. Hakuna malipo. Mwenye shamba huwatwangia viazi tu, wakala wakashiba. Ya pili ni hii: hupiti karibu na mtu aliye kazini bila kumwambia pole na kazi. Hata mfalme alisema. Ukipita kimya, umemtukana.

Basi palikuwa na mtu jina lake Ogundiran. Yeye ndiye aliyewagongea wenzake milango alfajiri. Asipogonga, hakuna aliyetoka. Shamba lake lililimwa la kwanza. Likafuata la pili, likafuata la tatu. Likabaki la nne, la Awero, mjane asiye na mtoto. Alikuwa na vikapu vitatu vya mbegu, yaani viazi vya kupanda, vyote vimeanza kuchipua. Zisipoingia ardhini upesi, mwaka ujao Awero hana chakula.

Ogundiran alikuwa amechoka. Akatuma neno kwamba mgongo unamuuma: kesho, mama.

Awero akaamini. Asubuhi akatwanga viazi vya kuwatosha watu wanne, maana wakulima wakija wakakosa chakula ni aibu kubwa. Ghalani hakuwa na viazi vingine. Alitwanga mbegu.

Siku hiyo Ogundiran alitaka kwenda kupalilia kwake. Lakini njia ilipita kando ya shamba la Awero, naye Awero alikuwa pale, analima peke yake huku akiwangoja. Angempitaje bila pole na kazi? Na akisema pole na kazi, mgongo ungekuwa umekwenda wapi? Akazunguka. Akashuka bondeni, akavuka mto, akapanda kilima chenye miiba, akafika kwake jua likiwa utosini.

Kwenye miiba alikuwepo kwale. Kwale akasema, "Pole na kazi, Ogundiran."

Ogundiran akaongeza mwendo.

Jioni akatuma neno: kesho, mama. Asubuhi Awero akatwanga kikapu cha pili. Ogundiran akashuka bondeni, akavuka mto, akapanda kilima chenye miiba. Kwale akasema, "Pole na kazi, Ogundiran."

"Kazi gani? Huoni nimebeba jembe begani, sijalima?"

"Naona," kwale akasema. "Wenzako wanachoka kwa kulima. Wewe umechoka kuliko wote."

Jioni akatuma neno tena: kesho, mama. Siku ya tatu akashuka bondeni, akavuka mto, na kilima kikamshinda. Akakaa chini miibani. Mgongo sasa ulikuwa unamuuma kweli.

Kwale akaja karibu. "Pole na kazi, Ogundiran."

"Asante," Ogundiran akasema, na machozi yakamtoka.

Akageuka. Akarudi mjini, akawagongea wenzake, wakashika njia iliyonyooka. Walimkuta Awero ameinamia jembe, na kando yake chungu kimefunikwa majani.

"Pole na kazi, mama," Ogundiran akasema.

"Asante, mwanangu. Mgongo umepona?"

"Haukuwa unauma."

Awero akafunua chungu. Kisha akasema, "Kuleni kwanza. Kimepoa, lakini kuleni."

Wakala. Ogundiran akauliza mbegu ziko wapi, wapande leo leo. Awero akaonyesha kikapu, ndani yake vimebaki viazi tisa. Akasema, "Nyingine ndizo mlizopaswa kula juzi. Na jana. Na hizo mlizokula sasa."

Wakalima shamba zima, na shamba zima likapata viazi tisa. Ogundiran akaenda ghalani kwake akaleta mbegu zake zilizobaki, lakini alikuwa amekwisha kupanda, zilibaki chache, tena dhaifu. Mwaka uliofuata Awero alikula nyumbani kwa Ogundiran. Alikula kidogo, akashukuru kila siku, na kila aliposhukuru, Ogundiran aliinamisha kichwa.

Hadithi yangu naitua hapo, kama mtu anavyotua mzigo.

Mama Nyamizi bado yu hai, na shamba lake lina majani mpaka kiunoni. Mimi mgongo sasa unaniuma, na safari hii si uongo. Naomba mmoja wenu kesho asubuhi anibebee jembe, twende naye kwa Mama Nyamizi, kwa njia iliyonyooka.