Mti wa Mtoto wa Aila

Hapo zamani, kaskazini kwenye baridi ya kugandisha mate mdomoni, kila mti ulijua kwao. Msonobari ulikaa kilimani, penye mchanga mkavu. Mspruzi, mti wa matawi mazito yaliyoinama, ulikaa bondeni, penye kivuli na kuvumwani, zulia la kijani lililolowa maji. Mlarisi, unaopukutisha majani yake ya sindano baridi ikija, ulikaa mbali zaidi, ambako ardhi ya chini haiyeyuki mwaka mzima. Na desturi ilikuwa hii: anayemwokoa mtoto humpa mti, na mtoto hukulia mti wake unakoota.

Aila alikuwa mjane mwenye mwana mchanga, akiishi ukweni. Kiangazi kimoja radi ikapiga kilima. Moto! Aila akakurupuka, akanyakua furushi la ngozi, mbio, mbio, mpaka mtoni. Akafungua. Ngozi tupu! Mtoto kamwacha kwenye susu ya kulalia! Akageuka, mbio tena.

Huko nyuma mama mkwe, Ristina, keshamtoa, kamfukia bondeni ndani ya kuvumwani mbichi, kisha moshi ukamwangusha mama huyo. Shemeji, Oula, akawasha moto wake mdogo ukingoni mwa bonde, uteketeze nyasi kavu kabla ya ule mkubwa kufika. Moto mkubwa ukafika, ukakosa chakula, ukafa. Aila akafika bondeni, akasikia kikohozi chini ya kuvumwani, akafukua kwa kucha. Mtoto hapumui tena. Akampulizia pumzi, akampulizia, mpaka akalia.

Mwaka uliofuata kilima kikachipua. Koni za misonobari, yale matunda magumu ya mbegu, zilizofungwa kwa utomvu miaka na miaka, zilikuwa zimefunguliwa na joto.

"Shemeji, mtoto ni wa msonobari, mti unaozaliwa na moto," akasema Oula. "Bila moto wangu angekuwa majivu."

"Moto wako uliuliza nani yumo bondeni?" Ristina akamrukia. "Mtoto ni wa mspruzi! Ubichi wa bondeni ndio uliomficha. Na wewe mkwe wangu, hodari wa kuokoa ngozi!"

"Ndiyo mama, niliokoa ngozi, nilikimbia, niliogopa, hata sasa naogopa. Lakini nilirudi, na pumzi aliyo nayo ni yangu. Niacheni niende naye kwetu, kwenye milarisi."

"Kwenu! Mti gani huo, baridi ikija unavua nguo?"

"Unavua, mama. Halafu unavaa tena."

Aila keshamfunga mtoto kifuani katika furushi la ngozi. Akalifungua furushi, akachungulia, akalifunga. Akalifungua tena. Oula kashika mlango, Ristina kashika ncha ya ngozi, hakuna anayeachia.

Haya, nyinyi mnaosikiliza, msinikwepe macho: mtoto apewe mti upi? Je, kati ya hao watatu, nani alistahili kumpa?