Kitambaa cha Mwisho cha Darweshi

Hapo zamani, kabla babu yangu hajapewa jina, palikuwa na mji ukiitwa Pambani. Sogeeni karibu, na anayesinzia mwenzake amwamshe, maana mwishoni nitauliza swali na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Watu wa Pambani waliipenda Siku ya Mwaka kuliko siku zote. Siku hiyo wanawake walitoka na ngoma, na mbele yao alitangulia msichana mmoja aliyevaa nguo mpya. Nguo aliyoivaa huyo ndiyo mji mzima uliyoitaka mpaka mwaka mwingine. Kwa hiyo kila mwuza nguo aliomba msichana wa kutangulia atoke kwake.

Basi mwaka huo akaja mwuza nguo, Bwana Darweshi, tumbo mbele, tasbihi mkononi. Alileta kitambaa cha zambarau chenye pindo la manjano, ambacho pale mjini hakijapata kuonekana. Akamtuma mpiga mbiu mitaani.

"Bwana Darweshi anatafuta msichana wa kutangulia! Malipo hakuna. Atakayechaguliwa atajulikana, na kitambaa atakachovaa ni chake!"

Wasichana wakauliza, "Anamtaka wa namna gani?"

Mpiga mbiu akajibu, "Bwana amesema: nikimwona nitamjua."

Mnacheka? Chekeni sasa, maana huko mbele hakuna kicheko.

Wasichana wakaenda wengi, wakarudi wengi. Wakabaki watatu. Mmoja ni Mwanamize, mtoto wa pekee wa mjane Bi Mkasi. Wa pili ni Zawena, aliyekwisha kuposwa. Wa tatu ni Kibibi, yatima aliyelelewa jikoni kwa watu.

Ua wa Darweshi ulikuwa na ukuta mfupi wa kufika kifuani, na upande wa pili wa ukuta ilipita njia ya sokoni. Wasichana waliambiwa waje alfajiri, waje na mafuta yao, waje na bangili zao. Wakavishwa kila mmoja nguo ya kile kitambaa, wakaambiwa, "Simameni." Wakasimama juani. Darweshi akatoka, akawatazama, akakunja mdomo.

"Bado," akasema.

"Bado nini, bwana?"

"Bado. Nikimwona nitamjua."

Jioni wakavuliwa vitambaa, wakarudi kwao na kanga zao kuukuu. Asubuhi wakarudi, wakasimama. "Geukeni." Wakageuka. "Tembeeni." Wakatembea. "Si hivyo." Vipi basi? Hakusema. Mimi mtu wa namna hiyo namchukia, nasema wazi. Anayekutaka umpe kitu na hakwambii ni kitu gani, huyo anakuchezea.

Siku moja Darweshi akasimama mbele ya Zawena. "Hizo nywele," akasema.

"Zina nini, bwana?"

Darweshi akaenda zake kula.

Zawena hakulala kwa mawazo. Sasa mjue kwamba Pambani msichana hanyoi kichwa ila amefiwa na mama yake. Mama yake Zawena alikuwa hai, anatwanga pilipili uani. Lakini Zawena akajiambia, ni kwa siku chache tu, nikichaguliwa kila mtu ataelewa. Akachukua wembe akanyoa. Asubuhi Darweshi akamwona, akashtuka.

"Nani kakwambia unyoe? Mimi nilitaka zisukwe!"

Mama yake akalia kama aliyezikwa naye anasikia. Wakwe wakaleta ujumbe: "Anayemlilia mama aliye hai ataingiza nuksi nyumbani kwetu. Mama yake amfunike toka kichwani mpaka miguuni kwa nguo mpya, iliyo yake mwenyewe, mbele ya watu, kabla jua la Siku ya Mwaka halijazama. Asipofunikwa, posa imevunjika."

Nguo mpya itoke wapi, kwa watu wasioweza hata kununua uzi? Njia ilikuwa moja, achaguliwe. Zawena akarudi uani na upara wake, akasimama.

Hapo ndipo alipomwambia Mwanamize, "Mimi nimekwisha kosea. Lakini wewe anakutazama kiuno. Naona macho yake, anataka mwembamba."

Darweshi alikuwa amesema hivyo? Hata siku moja. Zawena alikisia tu, kama walivyokisia wote. Mwanamize akapeleka habari kwa mama yake. Bi Mkasi alikuwa amekwisha kuuza kanga yake ya mwisho kwa ajili ya yale mafuta, amebaki na gunia kiunoni. Akamshika mwanawe mikono.

"Basi usile, mwanangu. Kunywa maji tu mpaka Siku ya Mwaka. Vumilia kidogo, tutoke kwenye kibanda hiki."

Mwanamize hakula. Darweshi akapita mbele yake. "Mbona umekonda? Nguo inaning'inia." Mwanamize akauliza, "Basi nile, bwana?" Darweshi akasema, "Wewe simama tu, tutaona." Hakujua ale au asile. Akaogopa kula.

Na Kibibi je? Kibibi alikuwa na macho. Aliona watu wa sokoni wanavyosimama ukutani, wananyoosha vidole: "Nipimie kama cha yule aliyenyoa. Nipimie kama cha yule mwembamba." Aliona langoni mtumishi wa Darweshi akikata na kupima, akikata na kupima. Akaelewa kwamba hakuna kuchagua. Kazi yenyewe ndiyo ile, ya kusimama watu waone wanunue, na walikuwa wakiifanya tangu siku ya kwanza.

Akanyamaza. Alijiambia, "Wenzangu wakijua, wataondoka. Wakiondoka, mtu mmoja havutii wanunuzi, nami nitatimuliwa mikono mitupu. Tukisimama wote mpaka mwisho, huenda hata hivyo akanipa kitambaa." Lakini Mwanamize alipoanguka, ni Kibibi aliyembeba mgongoni mpaka kwa mama yake, na kesho yake akambeba tena.

Siku ya Mwaka ikafika. Ngoma ikatoka. Mbele akatangulia msichana aliyevaa zambarau yenye pindo la manjano, mnene wa wastani, nywele za kawaida tu. Nani yule? Mpwa wake Darweshi, amekuja jana kutoka kwao.

Na asubuhi hiyohiyo Mwanamize hakuamka.

Kibibi akatoka kwenye msiba, akaenda moja kwa moja kwa Jumbe, mkuu wa mji, akasema yote aliyoyaona, pamoja na kunyamaza kwake. Jumbe akawaita Darweshi, Bi Mkasi na Zawena, na wanawake wa ngoma wakaja kusikiliza. Darweshi akaapa kwamba hakumwambia mtu anyoe wala asile, na kweli hakumwambia. Jumbe akasema, "Toa kitambaa walichokifanyia kazi." Darweshi akasema vimeuzwa vyote, kimebaki kimoja. Akakitoa.

Bi Mkasi akasema, "Ni cha mwanangu. Mwajua ada yetu, jeneza la mwali hufunikwa kwa nguo mpya ya nyumbani kwao, haiazimwi, na ikishafunika jeneza haivaliwi tena. Mwanangu amelala nyumbani, na kabla ya magharibi lazima azikwe. Alikufa kwa ajili ya kitambaa hiki. Mnataka nimtoe na gunia?"

Zawena akasema, "Ni changu. Mwanamize, Mungu amrehemu, hahitaji tena kitu. Mimi nina miaka ya kuishi. Jua likizama sijafunikwa, hakuna nyumba itakayonipokea. Na wewe mama, aliyemwambia asile ni wewe."

Bi Mkasi akapiga kelele, "Na aliyemwambia anataka mwembamba ni nani?"

Kibibi akangoja watulie. Akasema, "Mimi sina maiti wala sina mchumba. Lakini nami nilisimama mpaka mwisho. Nilimbeba Mwanamize, na kama si mimi kuja hapa, hicho kitambaa kingekuwa bado kabatini mwa Darweshi. Nimefanya kazi maisha yangu yote jikoni kwa watu na sijapewa kitu kipya hata mara moja."

Zawena akamgeukia. "Uliona, ukanyamaza. Ungesema siku ile, Mwanamize angekuwa anakula wali saa hizi."

Kibibi akalia.

Darweshi akakohoa. "Kikateni mara tatu, kila mtu apate chake." Wanawake wakamzomea, maana kipande hakifuniki jeneza, wala msichana mbele ya wakwe, na Kibibi alikuwa amekwisha kuvaa vipande vya kutosha.

Jumbe akaweka mkono wake juu ya kitambaa. Nje waliobeba jeneza tupu wamefika mlangoni kwa Bi Mkasi. Kwa akina Zawena wakwe wamekaa barazani wanatazama jua. Na jua, jamani, lilikuwa linashuka.

Haya, mimi nimemaliza, mkono wa Jumbe sasa ni mkono wenu. Msinitajie Darweshi, yeye alikwisha kuuza akaenda. Kitambaa ni kimoja na hakikatiki. Aliyekufa, aliyenyoa, na aliyeona akanyamaza: je, mngempa nani?